Namna ya kuchora ua la Impatiens kwa wino, hatua kwa hatua

Mmea ukikaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ya hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, mengi hubaki: umbo la jani, matawi, vinyweleo, hata matunda. Kwa Impatiens, jenasi (kundi la spishi zilizo jamaa wa karibu) ya mimea yenye shina la maji, ua halibaki. Petali zake ni nyembamba na zimejaa maji. Zikibanwa zinagandana, na hata ukizichemsha baadaye kuzilainisha, ni kazi kubwa kujua ipi ilikuwa juu na ipi ilishikana na ipi. Joseph Dalton Hooker, aliyekuwa mkurugenzi wa bustani ya Kew kule London, ndiye aliyelipa jina spishi nitakayoitumia hapa, Impatiens walleriana, mwaka 1868. Uzeeni aliirudia jenasi hiyo akaishughulikia karibu hadi kufa kwake mwaka 1911, na vielelezo vilivyokauka vilimhangaisha sana. Kwa hiyo kwenye jenasi hii mchoro uliofanywa ua likiwa bichi ni sehemu ya ushahidi wenyewe, na mchoraji ana wajibu uleule alio nao mtaalamu wa mimea.

Impatiens iko katika oda (kundi la familia za mimea) ya Ericales. Humo mna mierika inayofunika miteremko ya Kilimanjaro juu ya msitu, primula za Ulaya na Asia, mchai, mgama, na mtomondo unaoota kando ya mito na mikoko. Kwa macho tu huwezi kudhani hawa ni jamaa; familia ya primula ilikuwa na oda yake hadi uainishaji wa mwaka 1998 uliotegemea DNA ulipoiunganisha na hawa wengine. Kwa mchoraji hilo lina maana moja: sura ya ua kwa nje haikusaidii kujua uchore nini. Inabidi ulifungue. Kwenye primula, mtazamaji atataka kuona kila stameni, kiungo cha kiume chenye chavua, imesimama mbele ya petali, wala si katikati ya petali mbili. Kwenye Erica, atatafuta vitundu kwenye ncha za vifuko vya chavua. Kwenye Impatiens, atataka kuona petali zilivyoungana, na mkia ulio nyuma ya ua.

Hatua ya 1: Kupata mmea

I. walleriana (I. ni kifupi cha Impatiens) huota yenyewe kwenye vivuli vyenye unyevu, kandokando ya vijito vya misitu, kuanzia Kenya hadi Msumbiji. Pia hupandwa kwenye vyungu duniani kote, na huko kwenye vyungu ndiko nakushauri uanzie. Ukitaka kuchuma porini ndani ya hifadhi, iwe Amani au Kilimanjaro, tafuta kibali kwanza. Spishi nyingine za jenasi hii zina eneo dogo mno la kuishi, I. kilimanjari, kwa mfano, inapatikana Kilimanjaro tu.

Bustanini angalia mambo mawili. Usichukue maua yenye petali nyingi zilizorundikana, kwa kuwa hapo wafugaji wa maua wamegeuza viungo vingine kuwa petali na hutaona mpangilio wa asili. Halafu tazama majani. Yakiwa yametoka matatu au zaidi kwenye kifundo kimoja, yaani mahali pamoja pa shina, huenda umeshika I. hawkeri ya New Guinea, ambayo nayo huuzwa sana. Majani ya I. walleriana hutoka moja moja yakizunguka shina, ingawa kileleni husongamana yakaonekana kama fungu.

Hatua ya 2: Vifaa

Penseli ya 2H na ya H, karatasi nyeupe laini isiyo na chembechembe, karatasi angavu ya kunakilia, kalamu za wino mweusi usiotoka kwa maji za unene wa 0.1, 0.2 na 0.3, rula ya milimita, divaida ya mkebe wa hisabati, lenzi ya mkono ya mara 10, wembe mpya, kibanio chembamba, kipande cha kioo na maji. Hadubini ndogo ikipatikana ni heri, lakini ua hili unaweza kulimaliza kwa lenzi.

Hatua ya 3: Tawi zima kwanza

Kata tawi asubuhi, kabla jua halijawa kali, ulitie majini papo hapo. Maua mengine ya ziada yaweke kwenye kopo la plastiki lenye pamba mbichi na kifuniko. Yatakufaa hatua ya 5.

Chora tawi kwa ukubwa wake halisi. Pima kwa divaida urefu wa shina kutoka kifundo hadi kifundo, urefu na upana wa jani, na urefu wa kikonyo cha jani, uweke alama kwenye karatasi kabla ya kuchora mstari wowote. Shina la Impatiens ni nene, limejaa maji na karibu linapitisha mwanga, basi usilichore kama kijiti cha mti. Mistari yake iwe michache na mirefu, na vifundo vivimbe kidogo.

Jani moja angalau ligeuze lionyeshe upande wa chini. Hesabu mishipa ya pembeni kwenye jani hilohilo unalolichora, usichukue idadi ya jani la jirani. Meno ya ukingo yafuate moja baada ya jingine. Kwenye kikonyo cha jani na sehemu ya chini ya ukingo utaona vitezi vidogo vyenye vikonyo vyao. Wachoraji wengi huviruka kwa sababu ni vidogo, lakini mtambuzi huvitafuta.

Hatua ya 4: Ua kwa mbele, kisha kwa ubavu

Kwa mbele ua hili ni bapa, na mtu akiliangalia haraka ataona petali tano zinazokaribia kulingana. Mchoro wa mbele peke yake utamdanganya msomaji. Uchore, lakini uwe mdogo.

Mchoro unaobeba kazi ni wa ubavuni. Ligeuze ua hadi uone mkia wote: sepali (kijani cha nje cha ua) moja iliyo kama mtumbwi mfupi, ambayo ghafla inasinyaa na kuwa mrija mrefu mwembamba wenye nekta, uliopinda. Kwenye I. walleriana mrija huo ni mwembamba mwanzo hadi mwisho, na kipepeo mwenye mrija mrefu wa kufyonzea ndiye anayeufikia utamu wake. Kwenye I. kilimanjari sepali hiyo ni pana na nene, yenye rangi nyekundu, na wageni wake ni ndege waitwao chozi. Umbo la kiungo hiki na mpindo wake hutenganisha spishi nyingi za jenasi. Upime mkia kwa uzi: ulaze uzi juu ya mpindo, ukate, kisha unyooshe kwenye rula. Andika urefu huo pembeni kwa penseli, na andika pia umbali wa moja kwa moja kutoka mdomo hadi ncha. Ukiwa na vipimo vyote viwili, mpindo hauwezi kukupotea.

Sepali nyingine mbili ni ndogo sana, moja kila upande, mahali kikonyo kinapokutana na ua. Zionekane.

Na ukitazama kikonyo utagundua kimejisokota. Ua la Impatiens hujigeuza nusu duara linapokua, hata sepali yenye mkia, ambayo kwa asili ni ya juu, ikaja kukaa chini. Tafuta tumba changa na uliweke kwenye mchoro wa tawi karibu na ua lililofunguka.

Hatua ya 5: Kulifungua ua

Hapa ndipo muda wako uende. Weka tone la maji kwenye kioo. Shika ua kwa kibanio, ung'oe sehemu moja baada ya nyingine, kila moja uitandaze majini ili isijikunje.

Anza na petali ya juu. Inatoka peke yake. Igeuze: mgongoni ina ukingo mwembamba uliosimama kama mwinuko. Ichore kwa mbele na kwa ubavu.

Sasa shika petali moja ya pembeni uivute taratibu. Itakuja na ya chini yake. Petali nne zilizobaki zimeungana mbili mbili, jozi upande huu na jozi upande ule, ingawa muungano wenyewe ni mfupi na umejificha karibu na kitako. Ukivuta kwa pupa utazichana, na mchoro wako utaonyesha petali tano huru ambazo hazipo. Chora jozi moja tu kwa ukubwa wa mara 2 au 3, ukionyesha waziwazi mahali inapoungana. Mstari mdogo wa muungano huo ndio unaoonyesha kwamba hii ni Impatiens. Binamu yake Hydrocera, wa Asia, ana petali tano zilizoachana.

Stameni ni tano, lakini hutaziona tano. Vichwa vyake vimeshikana vikawa kofia iliyofunika ovari, kifuko cha mbegu changa. Ua likiwa changa kofia ipo na chavua inatoka. Baada ya muda kofia yote inadondoka kwa pamoja, na hapo stigma inabaki wazi kupokea chavua ya ua jingine. Kwa hiyo unahitaji maua mawili ya umri tofauti. Moja lichore likiwa na kofia, jingine likiwa na ovari tupu. Mchoro wenye hali moja tu umeeleza nusu ya maisha ya ua.

Mwisho, kata ovari mkato wa mlalo kwa wembe mpya, ukiupeleka mbele na nyuma taratibu kama msumeno, usibonyeze. Kwa lenzi utaona vyumba vitano, mbegu changa zikiwa zimeshika mhimili wa katikati. Mkato huu ukubwa wake uwe mara 10 au zaidi.

Tunda bichi lililovimba lichore kabla hujaligusa. Likishakomaa, mguso kidogo tu unalipasua, kuta zinajikunja na mbegu zinaruka. Chora lililofunga na lililopasuka.

Hatua ya 6: Kupanga ukurasa

Nakili kila mchoro wa penseli kwenye kipande chake cha karatasi angavu, ukate, uvihamishe vipande huku na huko juu ya karatasi kubwa hadi ukurasa ukae sawa. Tawi lichukue nafasi kubwa, sehemu zilizofunguliwa zikae kulizunguka bila kugusana. Kila sehemu ipe herufi: A tawi, B ua ubavuni, C ua mbele, D sepali ya pembeni, na kuendelea. Ukitazama michoro ya vitabu vya Flora ya Afrika Mashariki, vilivyotolewa kwa juzuu kati ya 1952 na 2012, utaona mpangilio huu umefuatwa ukurasa baada ya ukurasa. Naamini haijapatikana shule bora ya kuchora mimea yetu kuliko kukaa na juzuu hizo na kunakili michoro yake kwa penseli.

Hatua ya 7: Wino

Amua kwanza mchoro utachapishwa kwa ukubwa gani. Ukichora mara mbili ya ukubwa wa kuchapisha, mstari wa 0.3 utakuwa 0.15 kitabuni, na ule wa 0.1 utakuwa 0.05, ambao mashine nyingi za kuchapa haziuwezi. Katika hali hiyo kalamu ya 0.1 iweke kando, na nukta zako ziachane vya kutosha zisije zikaungana kuwa doa.

Mwanga unatoka juu kushoto, kila mahali kwenye ukurasa. Mistari ya nje iliyo upande wa kulia na chini iwe minene kidogo. Kivuli kifanye kwa nukta, na kwenye petali za Impatiens kiwe kidogo kuliko unavyotamani: petali ni karibu bapa, na nukta nyingi huzifanya zionekane nene kama ngozi. Mkia ndio unaodai nukta, kwa sababu ni mrija na msomaji lazima auone mviringo wake. Anzia ukingo wa chini kwa nukta za karibu karibu, uziache zitawanyike kuelekea mwanga, na uache uzi mweupe upande wa juu.

Mishipa ya majani ichore baada ya ukingo. Kila mshipa uwe mnene unapotoka kwenye mshipa mkuu, uishe ukiwa mwembamba kabla ya kufika pembeni.

Rangi haionekani kwenye wino, na I. walleriana ina maua mekundu, ya waridi, ya machungwa, ya zambarau na meupe. Weka doa la rangi ya maji kwenye daftari ua likiwa bichi, uandike ni la sehemu gani. Ukitaka kuona rangi inavyoweza kusema ikiwa juu ya mchoro uliopimwa vizuri, tafuta michoro ya maua ya Joy Adamson iliyohifadhiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi. Kazi hiyo ya maua ilimpatia medali ya dhahabu ya Grenfell ya Jumuiya ya Kifalme ya Bustani ya Uingereza, kabla dunia haijamjua kwa sababu ya Elsa, simba aliyemlea.

Hatua ya 8: Kipimo na kielelezo

Usiandike "mara 5" na kuishia hapo. Mchoro ukipunguzwa kwenye uchapaji, maneno hayo yatakuwa uongo. Weka mstari wa kipimo kando ya kila herufi: kwa sehemu iliyokuzwa mara 5, mstari wa sentimita 5 ulioandikwa "1 sm". Ukurasa ukipunguzwa, mstari utapungua nao.

Tawi ulilolichora likaushe kwa kulibana kwenye magazeti, ubadilishe magazeti kila siku kwa kuwa shina hili lina maji mengi na huoza upesi. Ua moja zima na tunda moja vitie kwenye chupa yenye alkoholi ya asilimia 70. Mpe kielelezo namba, na namba hiyohiyo iandike chini ya mchoro pamoja na mahali, mwinuko kutoka usawa wa bahari, tarehe, na jina la aliyechuma. Kama umechuma porini kwa kibali, kielelezo kikabidhi hebaria iliyo karibu nawe, pamoja na nakala ya mchoro na daftari la rangi.