Jinsi ya kuomba cheti cha bomba la gesi Marekani, na mahali ambapo sheria za kuharakisha zinasaidia kweli

Bomba la gesi asilia linalovuka mpaka wa jimbo nchini Marekani halijengwi bila cheti cha FERC, yaani Tume ya Shirikisho ya Kudhibiti Nishati, chini ya kifungu cha 7(c) cha Sheria ya Gesi Asilia ya mwaka 1938. Bomba lisilotoka nje ya jimbo ni shauri la jimbo lenyewe. Texas kazi hiyo inafanywa na Tume ya Reli, jina lisikuchanganye. Mwongozo huu ni wa anayeandaa au kukagua maombi ya FERC.

Tangu 2005 Bunge la Marekani limetunga sheria kadhaa za kufupisha muda wa vibali vya mazingira. Wengi husoma siku zilizotajwa na kusahau kuuliza zinaanza kuhesabiwa lini. Kwa kawaida huanza pale taarifa rasmi inapotolewa, na taarifa hiyo haitoki kwa jalada lenye mashimo. Muda unaookolewa kweli unaokolewa kabla ya kuomba.

1. Hakikisha unahitaji cheti kipya

Kampuni iliyokwisha kupewa cheti cha jumla inaweza kufanya kazi ndogo, kama kubadilisha kipande cha bomba, bila maombi kamili. Kazi yenye gharama chini ya kikomo cha kwanza hufanywa moja kwa moja na kutolewa taarifa baadaye. Ikizidi hapo lakini ikabaki chini ya kikomo cha pili, unatoa taarifa na kusubiri siku 60. Asipojitokeza wa kupinga, kazi imeidhinishwa. Pingamizi lisiposuluhishwa, taarifa yako inageuka kuwa maombi ya kawaida. Vikomo hurekebishwa kila mwaka, basi usitumie jedwali la mwaka jana.

2. Ingia kwenye mapitio ya awali

Kwa mitambo ya gesi iliyosindikwa kuwa kimiminika hatua hii ni ya lazima, angalau siku 180 kabla ya kuomba. Kwa bomba ni hiari, ila kwa bomba refu jipya kuiruka ni kujitafutia kuchelewa. Ukikubaliwa unapewa namba ya jalada inayoanza na PF. Ukishaomba rasmi itakuwa CP. FERC huchagua kampuni ya tatu ya kuisaidia kuandika tathmini ya mazingira, na bili unalipa wewe.

Huu ndio wakati wa kuhamisha njia ya bomba. Kusogeza mstari mita 200 ili kukwepa chemchemi ya mtu ni kazi ndogo wakati wa PF. Baada ya maombi rasmi inaweza kudai upimaji mpya na barua mpya kwa wamiliki wa ardhi.

3. Andika taarifa za mazingira

Bomba lina taarifa 12, kuanzia maelezo ya mradi hadi uchafuzi wa kemikali zenye sumu ziitwazo PCB. Ya 13 ni ya mitambo ya gesi kimiminika tu. Zote huingia kama kiambatisho F-I. Ramani za njia ziwe za kipimo cha 1:24,000 zenye alama za maili, na picha za angani za 1:6,000 au za kina zaidi.

Yanayokwamisha hujirudia. Taarifa ya 2 huhitaji kila mto na kijito kitajwe pamoja na namna ya kukivuka. Mwongozo wa FERC unakiita kidogo kijito kisichozidi futi 10 (mita 3), na kazi ya ndani ya maji imalizike kwa saa 24. Cha kati hakizidi futi 100, saa 48. Kwenye ardhi oevu upana wa eneo la kazi usizidi futi 75. Ukitaka zaidi, toa sababu ya kila mahali, pamoja na alama yake ya maili. Kuandika "inapobidi" ni kujiombea barua ya maswali.

Taarifa ya 3, ya wanyama na mimea, ndiyo hula kalenda. Kwenye maeneo ya popo wa Indiana, upimaji wa kuwanasa kwa nyavu hufanywa kati ya 15 Mei na 15 Agosti. Mwenye shamba akikunyima ruhusa ya kuingia mwezi Julai, unaweza kupoteza mwaka mzima, na hakuna sheria ya Bunge inayogusa msimu wa popo. Omba ruhusa za kuingia wakati wa baridi.

Taarifa ya 9: kelele za kituo cha kompresa, yaani mitambo inayosukuma gesi bombani, zisizidi desibeli 55, wastani wa mchana na usiku, kwenye nyumba, shule au hospitali iliyo karibu.

Usidharau kiambatisho I, cha soko. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ya Washington ilifuta cheti cha bomba la Spire STL, ambalo lilikuwa tayari linapitisha gesi, kwa kuwa FERC iliegemea mkataba mmoja tu wa mteja, naye ni kampuni ndugu ya mwombaji.

4. Waarifu wamiliki wa ardhi

FERC hutangaza maombi ndani ya siku 10. Ndani ya siku 3 za kazi baada ya tangazo, wewe utume barua kwa wanaopitiwa na bomba, wanaopakana na eneo la kazi, wenye makazi ndani ya futi 50 kutoka eneo hilo, na wote walio ndani ya nusu maili kutoka kituo cha kompresa. Tangaza pia gazetini mara mbili. Barua zikirudi kwa anwani mbovu, tafuta sahihi na uandike ulichofanya.

5. Vibali visivyo vya FERC

Hapa ndipo miradi hufia. Sheria ya Sera ya Nishati ya 2005 iliifanya FERC kiongozi wa ratiba: hutangaza ratiba ya tathmini ndani ya siku 90, na mamlaka nyingine huamua ndani ya siku 90 baada ya tathmini ya mwisho, isipokuwa pale sheria ya shirikisho imeweka muda mwingine.

Cheti cha maji cha jimbo, kifungu cha 401 cha Sheria ya Maji Safi, ni mojawapo ya vibali vyenye muda wake. Jimbo lina hadi mwaka mmoja. Omba kikao cha awali siku 30 kabla ya kuwasilisha, kisha hifadhi uthibitisho wa tarehe ya kupokelewa, maana mwaka unahesabiwa kutoka hapo. Ule mchezo wa kuondoa maombi na kuyarudisha ili jimbo lipate mwaka mpya ulikataliwa na mahakama mwaka 2019 katika kesi ya Hoopa Valley.

Kwa wanyama walio hatarini kutoweka, mashauriano rasmi na idara ya shirikisho ya wanyamapori, yanayoishia kwenye maoni yake ya maandishi, ni siku 135. Kwa kufukia mito na ardhi oevu, Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani kina kibali cha kitaifa namba 12, kama eneo la maji au ardhi oevu linalopotea halizidi nusu ekari kwa kila kivuko.

6. Chagua njia ya haraka

Mradi wa zaidi ya dola milioni 200 unaweza kuingia FAST-41, mpango wa kuratibu vibali chini ya sheria ya 2015. Ratiba ya kila kibali inawekwa hadharani mtandaoni, na muda wa kushtaki unapungua hadi miaka 2. Haimlazimishi yeyote kukubali.

Sheria ya Juni 2023 iliweka kurasa 75 na mwaka 1 kwa tathmini fupi, 150 na miaka 2 kwa tathmini kamili. Viambatisho havihesabiwi, nako ndiko kurasa zilikohamia. Sheria ya Julai 2025 ikaongeza ada ya hiari: lipa asilimia 125 ya gharama ya tathmini, muda ushuke hadi siku 180 au mwaka 1. Ada hiyo hainunui cheti cha maji wala maoni kuhusu popo. Ikiwa kinachokuchelewesha ni jimbo, fedha hizo zingefaa zaidi kwenye upimaji.

Mountain Valley, bomba la inchi 42 na maili 303, si mfano wa kuiga. Sheria hiyohiyo ya 2023 iliidhinisha vibali vyake kwa jina baada ya mahakama kuvifuta mara kadhaa. Gesi ilianza kupita Juni 2024, na gharama ilikuwa imepanda kutoka dola bilioni 3.5 hadi zaidi ya bilioni 7.

Miswada mingine ya kuipa FERC usimamizi zaidi huja na kuondoka. Usipange ratiba kwa muswada.

7. Ukishapata cheti

Asiyeridhika ana siku 30 kuomba FERC isikilize upya. Cheti kinakupa haki ya kutwaa ardhi, lakini si ruhusa ya kuchimba: peleka mpango wa utekelezaji unaojibu kila sharti, onyesha vibali vyote vya shirikisho, kisha usubiri barua ya kuanza kazi. Ukiomba ruhusa ya sehemu tu, pima hatari yake. Bomba la Constitution lilipewa cheti Desemba 2014, likaruhusiwa kukata miti upande wa Pennsylvania mapema 2016, na Aprili mwaka huohuo New York ikalinyima cheti cha maji. Februari 2020 wenye mradi waliachana nao.