Jina la mwanao, muulize bibi
Kama hutaki jina ambalo watoto watano chuo cha Kurani wataitikia kwa pamoja, kaa na bibi kabla ya siku ya saba akutajie mababu wa ukoo, hata wanne au watano nyuma. Huko ndiko waliko akina Vuai, Pandu, Mcha, Machano. Sisi Wazanzibari tunaandikwa jina, la baba, kisha la babu, kwa hiyo mengi yamebaki mkiani tu. Likirudi mbele linasikika jipya, na lina mwenyewe. Bibi yetu alivyokuwa akiyataja uso ulimng'aa, wallahi. Kubalianeni herufi kabla ya cheti: Shaame au Shame, Ussi au Usi. Haifai ikiwa binamu kashalichukua, mtaishia Vuai mkubwa na Vuai mdogo. Na mama mtoto akilikataa, liacheni.