Wikendi ya Nairobi: panga kurudi kabla ya kwenda

Watu wa Mombasa wakitaka kwenda Nairobi kwa siku mbili, jambo la kwanza kuulizana ni nauli ya kwenda. Nakuomba uanzie kwingine. Jiulize Jumatatu asubuhi unatakiwa uwe wapi na saa ngapi, kisha hesabu kurudi nyuma mpaka Jumapili jioni. Ijumaa chombo chochote kitakufikisha. Jumapili ndiyo inayotesa watu.

Kabla hujafikiria gari, ndege wala treni, haya yawe tayari. Kitambulisho chenyewe, si picha yake kwenye simu. Sweta, hasa kati ya Juni na Agosti, maana mtoto wa Pwani akishushwa Nairobi na fulana atarudi na kikohozi. Chaji ya simu. Pesa kwenye M-Pesa za kutosha nauli ya dharura ya kila mtu mliyefuatana naye, si yako peke yako. Dawa za kila anayetumia dawa, na hizo nitazirudia.

Kwa familia, mimi husema treni kwanza. SGR, yaani treni ya reli mpya kati ya Mombasa na Nairobi, inabeba abiria tangu Juni 2017, na baada ya nauli kupandishwa Januari 2024, ikonomi ni shilingi 1,500 na daraja la kwanza 4,500, kwenda tu. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Unakata kwa *639# au mtandaoni, kila abiria kwa jina lake na nambari yake ya kitambulisho, kwa sababu langoni wanalinganisha. Viti vya ikonomi vinatazamana, watatu upande huu na wawili upande ule, kwa hiyo mzee mwenye magoti mabovu mlipie daraja la kwanza ukiweza.

Treni ya asubuhi husimama Mariakani, Voi, Mtito Andei, Emali na kwingineko, ikachukua kama masaa sita. Ile ya alasiri ni masaa matano na kitu. Ya usiku inakufikisha kabla ya adhana ya alfajiri, na hapo ujue unashukia Syokimau, si katikati ya jiji. Kama unakwenda na watoto na hakuna mtu wa kuja kuwapokea, achana na ya usiku. Iko treni ndogo ya kuunganisha mpaka stesheni kuu ya mjini, lakini ulizia mapema kama inalingana na saa yako ya kufika.

Huku kwetu, Miritini, iliko stesheni ya SGR, si karibu. Mtu wa Bamburi au Nyali Ijumaa alasiri ana daraja la Nyali, ana Makupa, ana Changamwe na malori yake. Wa Likoni na Diani siku hizi wana barabara ya Dongo Kundu, inawatoa karibu na Miritini bila kungoja feri. Ukifika, mabegi hupangwa chini yanuswe na mbwa, kisha yapite kwenye mashine, nawe upite. Foleni hiyo haikimbii kwa sababu wewe umechelewa. Fika saa nzima kabla, au zaidi kama ni wikendi ya sikukuu. Visu na pombe viache nyumbani. Chakula beba chako.

Sasa tiketi ya kurudi, na hapa naomba unisikize vizuri.

Shangazi yangu alikwenda Nairobi na mabinti zake wawili na mjukuu wa miaka sita, harusini South C. Ijumaa walipanda treni, wakafika salama, wakapokewa. Tiketi za kurudi hawakukata. Walisema watakata huko huko, kwani pengine wataombwa wakae siku moja zaidi. Jumapili asubuhi, bado mikono ina hina, binti mkubwa akashika simu akate za alasiri. Hakuna. Ya usiku, hakuna. Jumatatu, hakuna hata ikonomi. Ilikuwa mwisho wa likizo fupi ya shule na nusu ya Pwani ilikuwa inarudi siku ile ile. Ndege zilikuwepo, lakini bei ya kiti kimoja ilikuwa imepanda hadi ikazidi nauli ya wote wanne kwa treni, kwenda na kurudi. Na binti mkubwa ni muuguzi, zamu yake Jumatatu saa moja asubuhi.

Wakapata viti vya nyuma kabisa kwenye basi la usiku. Baada ya Sultan Hamud trela likalala barabarani, magari yakasimama pande zote mbili. Hapana mbele, hapana nyuma. Vumbi, moshi wa dizeli, na baridi ya usiku wa Ukambani ikiingia dirisha lisilofungika. Yule mtoto ana pumu. Akaanza kuvuta pumzi kwa shida, na pampu yake ilikuwa kwenye sanduku, na sanduku lilikuwa kwenye buti ya basi chini ya mizigo ya watu wengine. Kondakta alishuka na tochi ya simu, akatoa masanduku moja moja pembeni ya barabara, malori yakinguruma hapo hapo, mpaka likapatikana. Mama yake anasema hakuwahi kuona dakika ndefu kama zile.

Niliwapokea Mwembe Tayari Jumatatu adhuhuri imeshapita. Miguu ya shangazi ilikuwa imevimba, viatu haviingii, tukamwinua watu wawili kumpandisha kwenye tuktuk. Zamu ya binti ilifanywa na mwenzake aliyekuwa ametoka kukesha. Mtoto alipona, alhamdulillahi. Lakini tangu siku hiyo mtu wa nyumbani kwetu akisema anakwenda Nairobi, simuulizi anakwenda na nini. Namuuliza tiketi ya kurudi iko wapi, nimuombe anionyeshe.

Kwa hiyo kata zote mbili kwa kikao kimoja. Ikiwa ya kurudi imekwisha, usikate ya kwenda kwa matumaini. Badilisha tarehe au badilisha chombo. Wikendi za Idd, Pasaka, Madaraka, Mashujaa, Jamhuri, na kila shule zinapofungwa au kufunguliwa, ondoa kabisa wazo la kukata siku ya mwisho. Dawa zikae kwenye mkoba unaokaa mapajani, iwe ni treni, ndege, basi au gari la mjomba. Dawa ya sukari, ya presha, ya pumu, zote.

Gari lako mwenyewe lina uhuru wake, na kwa watu wengi hesabu yake si mbaya. Ni kama kilomita 480 kwenda. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litataka lita 80 kwenda na kurudi, na petroli ikiwa shilingi 180 hizo ni 14,400, kabla ya mizunguko ya mjini. Watu wazima wanne kwa ikonomi kwenda na kurudi ni 12,000. Mkiwa sita kwenye gari la viti saba, gari limeshinda kwa pesa. Bei ya mafuta hubadilika kila katikati ya mwezi EPRA, mamlaka ya nishati, ikitangaza, basi piga hesabu kwa bei ya siku hiyo.

Lakini pesa si yote kwenye barabara ile. Sehemu kubwa ni njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, na wewe uko nyuma ya trela linalopanda kilima taratibu, nyuma yako kuna basi linalokusukuma kwa taa. Usilipite lori kwa sababu aliye nyuma ana haraka. Toka Mombasa baada ya sala ya alfajiri, upumzike Mtito Andei, ambapo ni kama nusu ya safari, na uwe umeingia Nairobi jua bado liko juu. Baina ya Voi na Mtito unakata katikati ya Tsavo, mbuga mashariki na mbuga magharibi, na ndovu akiwa barabarani usiku humwoni mpaka umemkaribia. Kagua tairi na la akiba, breki, maji ya rejeta, jeki, pembetatu za onyo, bima. Dereva wa pili awepo. Kama dereva ni mmoja, na Jumamosi atakesha harusini, basi Jumapili huna dereva, chagua kingine.

Ndege ni ya mtu aliye peke yake, au mwenye sababu ya haraka, au mgonjwa asiyeweza kukaa kitako masaa sita. Angani ni chini ya saa moja. Ongeza foleni ya Changamwe na Port Reitz, ongeza kufika mapema uwanjani Moi, ongeza kutoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, mpaka mjini, na safari nzima mlango kwa mlango ni kama masaa manne. Tiketi ya bei ya chini aghalabu inakuruhusu begi la mkononi tu, na halwa na achari za watu wa Nairobi zina uzito, zipime nyumbani usije ukalipishwa kaunta. Usichukue ndege ya mwisho ya Jumapili kama Jumatatu una kesi mahakamani au mtihani. Tarehe 11 Septemba 2024 wafanyakazi wa JKIA waligoma na abiria wakakwama hapo kwa masaa mengi. Lile halikuchagua aliyelipa ghali na aliyelipa rahisi.

Siku za maandamano fuatilia habari za Mlolongo, pale unapokaribia kuingia Nairobi, kwa maana barabara ikifungwa pale, wa gari na wa basi wote wameshikwa. Msimu wa masika usitoke bila kuuliza hali ya barabara. Mwachie mtu mmoja hapa Mombasa saa yako ya kuondoka na ya kufika, na umpigie ukifika kweli. Usimpe mtu usiyemjua mzigo wako akushikie, wala usimshikie wake. Zima gesi kwenye mtungi. Na kama maji yalikuwa yamekatika siku unayotoka, zungukia kila mfereji uufunge, usije ukarudi Jumapili usiku ukakuta yalifunguliwa Jumamosi na nyumba imejaa maji.