Jinsi ya kupima kazi za nyumbani kwa saa 24

Swali "Unafanya kazi gani?" lisiwemo kwenye dodoso lako. Mama aliyeamka saa 10 alfajiri atakujibu, "Sina kazi, nipo tu nyumbani," maana kwa wengi kazi ni ile yenye malipo. Uliza hivi: "Jana, tangu ulipoamka, ulifanya nini? Halafu?" Sisitiza jana. Ukiuliza "kila siku" utatajiwa yanayopaswa kufanywa, si yaliyofanywa.

Kwenye bango kitita chora mistari 48, kila mmoja nusu saa. Anzia saa 10 alfajiri. Ukianzia saa 1 asubuhi, kuni, maji, moto na uji wa watoto vimeshakupita. Weka safu mbili: kazi kuu, na kazi iliyoendelea sambamba nayo. Bila safu ya pili malezi yanapotea, kwa sababu mtoto yuko mgongoni huku ugali unasongwa.

Wanawake wakae peke yao na wanaume peke yao, watu 6 hadi 8 kwa kundi. Wakichanganywa, mume hujibu na mke huitikia. Wasichana na wavulana wasikilizwe pia, kila kundi kivyake. Usimsahau dada wa kazi. Mara nyingi hatajwi hata kama mmoja wa wanakaya.

Karani awe makini na lugha. "Amechota maji" haisemi kama ni Juma au Asha, kwa hiyo kila mstari uandikwe KE au ME, na umri. "Chakula kilipikwa", "watoto waliogeshwa": sentensi za namna hii zikataliwe palepale, kwani zinamficha aliyefanya. Na kamwe usimuulize mwanamume, "Unamsaidia mkeo?" Neno kusaidia limeshaamua kwamba kazi ni ya mke. Uliza, "Nani alimwogesha mtoto?"

Kisha hesabuni kwa punje, moja kwa kila nusu saa ya safu ya kazi kuu: maharage kwa kazi ya kipato, mahindi kwa kazi isiyolipwa, kunde kwa mapumziko na usingizi. Jumla iwe 48 kwa kila mtu. Zikipungua, zipitieni tena saa za usiku. Hapo ndipo kunyonyesha na kumuuguza mgonjwa husahaulika. Siku ya mnada, ya ibada au ya msiba haifai kupimwa peke yake, na zoezi lirudiwe wakati wa palizi na baada ya mavuno, kwani mizigo hubadilika sana.

Kazi hizi zina uzito hata kisheria. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, inayogawanywa chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Waelezeni washiriki hilo kabla ya majadiliano, siyo baada yake.

Mwisho, tundikeni mabango yote ukutani. Wanaume wasome la wanawake kwa sauti, na wanawake la wanaume. Msidai kila kitu kibadilike; kila kaya ichague nusu saa moja tu ya kuhamisha, kwa mfano maji ya jioni, na jina la atakayeichukua liandikwe. Rudini baada ya wiki 2 muulize tena: "Jana jioni, nani alichota?"