Jinsi ya kuchanganya klasiki, jazi na muziki wa India Kusini kwenye kazi ya muziki kuhusu tabianchi
Anza na stori moja, usibebe dunia nzima. Mi ningechukua Chennai, mji wa India Kusini: Desemba 2015 sehemu kubwa ya mji ilizama kwa mafuriko, halafu 2019 mabwawa yake yakakauka watu wakapanga foleni ya maji. Mji uleule jamani, miaka minne tu!

Sasa chukua raga (mpangilio wa noti wa muziki wa India) ya Amritavarshini, ile inayohusishwa na kuita mvua, noti zake ukianzia C ni C, E, F#, G na B, tano tu, na hapo ndo utamu ulipo maana mpiga piano wa jazi akiweka kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya Cmaj7, yaani C, E, G na B, yenye F# juu inakaa kabisa, haigombani na raga. Ila asibadilishe kodi hovyo, ile C lazima ivume chini muda wote, mpe mpiga selo aishike.

Mdundo uwe wa 7, ta-ki-ta ta-ka-di-mi (3 na 4), mridangam, ile ngoma ya India Kusini, iongoze drams zifuate. Violini ndo daraja, Ulaya ipo na Chennai ipo.

Kwenye sehemu ya ukame toa chombo kimoja kimoja mpaka ibaki mridangam peke yake, na kimya usikiogope, hicho ndo bomba lisilotoa maji.