Kufunga Waya wa Siriali Kati ya Kituo cha Hali ya Hewa na Kompyuta

Mjini Tabora, ambako ua usio na mwembe ni wa kutafuta, kipima upepo hakiwezi kusimikwa ubavuni mwa nyumba, kwa kuwa kanuni ya wataalamu wa hali ya hewa hutaka kiwe mbali na kizuizi chochote kwa umbali usiopungua mara 10 ya kimo cha kizuizi hicho. Mwembe wa mita 12 unadai mita 120. Kwa hiyo, kabla hujawasha pasi ya kulehemu, pima umbali kutoka kwenye kisanduku cha kituo hadi mezani kwa kompyuta. Mfumo wa RS-232, aina ya mawasiliano ya siriali (biti moja hufuata nyingine kwenye waya) inayotumiwa na vituo vingi vyenye tundu la pini 9, ni wa kutegemewa hadi mita 15 hivi. Zaidi ya hapo ni heri kufunga vigeuzi vya RS-485, mfumo mwingine wa siriali wa masafa marefu, pande zote mbili, kwani vyenyewe hufika hata mita 1,200.

Tuchukulie umbali ni mfupi. Waya za lazima ni tatu tu: ya kutuma, ya kupokea, na ile ya pamoja ambayo volti za hizo mbili hupimwa kutoka kwake. Kwenye kompyuta, pini ya 2 hupokea, ya 3 hutuma, na ya 5 ndiyo ya pamoja.

Upande wa kituo ndiko mafundi wengi hupotelea, kwa sababu watengenezaji hawana mpangilio mmoja. Usiamini rangi za waya wala mchoro uliotumiwa kwa simu, pima. Washa kituo, weka multimita (kipima volti) kwenye volti za DC, ncha nyeusi iguse pini ya 5, kisha ncha nyekundu iguse ya 2 na ya 3 kwa zamu. Pini inayotuma, ikiwa imetulia, huonyesha volti hasi, mara nyingi kati ya -5 na -12, ilhali inayopokea hukaa karibu na sifuri. Kituo kikituma kwa pini ya 2, unganisha 2 kwa 2 na 3 kwa 3. Kikituma kwa ya 3, zipishanishe. Pini ya 5 huenda kwa ya 5 siku zote. Multimita ikionyesha +3.3 au +5, usiunganishe moja kwa moja, maana hiyo si RS-232 na volti za kompyuta zinaweza kukiunguza kituo. Weka kwanza kigeuzi cha volti chenye chipu ya MAX3232. Iwapo kitabu cha kituo kinataja pini ya 4 au ya 7, nazo ziunganishwe, kwa sababu baadhi ya vituo huchota umeme humo.

Wakati wa kulehemu, kumbuka kwamba ukiitazama plagi kwa nyuma, mpangilio wa pini hugeuka kama kwenye kioo. Mimi niliwahi kupoteza siku nzima kwa kosa hilo, na namba zilikuwa zimechongwa kwenye plastiki, ndogo kama chawa, zikisubiri tochi tu. Chomeka plagi kwenye mwenzake ili pini zisihame plastiki ikipata joto, na pitisha kifuniko kwenye waya kabla ya kulehemu, la sivyo utafumua kazi yote. Wavu wa chuma unaozunguka waya uunganishwe upande mmoja tu.

Kabla ya kuunganisha kituo, gusanisha pini ya 2 na ya 3 za kompyuta kwa kipande cha waya, fungua programu ya mawasiliano ya siriali, na uandike neno lolote: likirudi kwenye skrini, tundu ni zima. Kisha weka kasi iliyoandikwa kitabuni, mara nyingi biti 9600 kwa sekunde, pamoja na biti 8 za data, bila pariti (biti ya kukagua makosa), na biti 1 ya kusimamisha. Herufi zikija zimevurugika, kosa karibu kila mara ni kasi, si waya.

Usishtuke pia mgandamizo wa hewa ukisomeka karibu hektopaskali 880 badala ya 1013. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na kituo kinasema kweli. Kuanzia Novemba, radi zinaporudi, chomoa plagi upande wa kompyuta mara usikiapo ngurumo ya kwanza.