Kufunga cheni za theluji kwenye gari dogo: kazi yote iko nyuma ya tairi

Wiki jana nilikuwa nampeleka mdogo wangu Sacramento kutoka Reno. Hajamaliza mwaka tangu afike kutoka Bukavu, na gari ni lake. Kabla ya kufika Donner Pass, kwenye milima ya California, ambapo barabara kuu ya I-80 inapanda hadi karibu mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, tukakuta kibao cha R2, yaani karibu kila gari lazima lifunge cheni kwenye tairi lisiteleze kwenye theluji. Cheni anazo, mpya kabisa, zingali kwenye boksi. Tulitumia dakika 50 kando ya barabara kwa kazi ya dakika 15, na nikamwahidi kwamba nitaiandika.

Kabla ya safari. Soma namba ubavuni mwa tairi, mfano 215/60R16, ununue cheni ambayo boksi lake limeiandika namba hiyo hiyo. Halafu fungua kitabu cha gari. Magari mengine hayana nafasi kati ya tairi na shokomzoba, kwa hiyo yanaruhusu cheni nyembamba za waya tu, na mengine hayaruhusu kabisa. Kama nafasi ipo, mimi nachukua zilizosukwa kama wavu, zenye pete ya waya mgumu upande wa ndani. Zile za ngazi ni rahisi kwa bei, lakini zinatikisa gari, kwa sababu tairi linadumbukia kati ya kipande na kipande.

Zifunge nyumbani mara mbili, kwenye lami kavu. Hili usilipuuze.

Tairi zipi? Zinazoendeshwa na injini. Magari madogo mengi ni za mbele. Kwa gari linalovuta kwa matairi yote manne, fuata kitabu.

Mahali. Egesha palipotengwa, pembeni kabisa, tambarare. Gia kwenye P, breki ya mkono juu, injini imezimwa. Vaa koti la kung'aa, glavu za mpira, tandika kipande cha turubai upigie magoti.

Pete ya ndani. Hapa ndipo watu wanapoharibikiwa.

Tandaza cheni chini kwanza uinyooshe, usiache hata pingili moja iliyojikunja. Kulabu zenye mdomo wazi zitazame nje, zisiguse mpira. Zungusha usukani mpaka mwisho, upande utakaokupa nafasi ya kuingiza mkono. Sukuma pete nyuma ya tairi ikiwa chini, kisha inua ncha zake mbili zikutane juu ya tairi. Nyingi zimepakwa rangi ili usichanganye. Ziunganishe.

Sasa usikimbilie kufunga upande wa nje. Hiyo pete bado imekaa juu, pale tairi linapokanyaga barabara. Lazima uisukume kwa kiganja iangukie nyuma, ilale kwenye ubavu wa ndani mzunguko mzima. Miaka michache iliyopita niliiacha nusu juu, giza limeingia, nikaona nje kumekaza vizuri nikaondoka. Baada ya kilomita moja hivi cheni ikavuka, ikajiviringa nyuma ya gurudumu na kukata waya wa breki za ABS. Nilikaa chini ya gari zaidi ya saa mbili nikiichomoa, vidole havina hisia.

Tangu siku hiyo, macho siyaamini. Napitisha mkono nyuma ya tairi, juu, kushoto, kulia, nikiufuata waya. Ukikuta umepanda popote, legeza nje urudie. Kama chini umebanwa na theluji, sogeza gari nusu mzunguko wa tairi, zima, pitisha mkono tena.

Nje. Unganisha kulabu za juu, pitisha mnyororo wa kukazia kwenye kifungio, vuta, funga ncha inayobaki. Isining'inie.

Kaza tena. Nenda kama mita 100, simama, kaza. Cheni ikikaa mahali pake hulegea, kila mara.

Mwendo. Pale California, cheni zikihitajika, kikomo ni maili 25 au 30 kwa saa. Fuata kibao, na kama cheni zako zinataka pungufu, fuata zako. Usikanyage mafuta tairi lizunguke bure. Ukisikia kitu kinagonga madgadi, simama mara tu upatapo mahali salama.

Ukiona huwezi, kando ya I-80 wapo mafundi wenye vibali wanaokufungia kwa malipo. Andika namba ya kitambulisho cha fundi, dai risiti. Hawaruhusiwi kuuza wala kukodisha cheni, kwa hiyo zako uwe nazo.

Kuvua. Lami ikionekana tu na kibao kikaruhusu, toa. Ukifika nyumbani zisuuze kwa maji ya moto, maana chumvi ya barabarani inazila, uzianike mpaka zikauke ndipo uzirudishe kwenye boksi. Mdogo wangu zake amezitundika gereji, na Jumamosi anazifunga tena mbele yangu, peke yake.